KUKOROMA SI KULALA: Pumzi, Ndoto na Haki ya Mfanyakazi Kupumzika

Mtu akikohoa damu, jirani zake humkimbiza hospitali. Akivunjika mguu kazini, wenzake humbeba. Lakini akisinzia kazini, watu humcheka; na akisinzia mara ya tatu, msimamizi humwandikia barua. Hakuna amwulizaye alilalaje usiku. Katika makala hii twataka kuliuliza swali hilo kwa ajili ya wafanyakazi na wakulima wa wilaya za Tarime na Serengeti, na kwa ajili ya wenzao kote nchini. Kwa kuwa hapana shaka kwamba miongoni mwa wale waitwao wavivu wamo wagonjwa, na ugonjwa wao una jina, una sababu, na una matibabu.

TANU ilipoiongoza nchi hii kwenye uhuru wake mwaka 1961 ilitaja maadui watatu wa taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Ugonjwa tutakaoueleza hapa ni maradhi kwa asili yake. Hudumu kwa sababu ya ujinga. Na mwisho wake humwangusha aliyepatwa katika umaskini. Basi kuujua ni sehemu ya vita ile ile.

USINGIZI NI KAZI YA MWILI

Watu husema kwamba usingizi ni nusu ya kifo. Kwa muda mrefu hata wataalamu waliamini hivyo, kwamba mtu alalapo ubongo wake huzimika kama taa iliyokosa mafuta. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani, walitangaza jambo lililoibadili imani hiyo. Waliona kwamba kila usiku, kwa vipindi, macho ya mtu aliyelala huchezacheza upesi upesi chini ya kope zilizofumba. Na aliyeamshwa wakati huo aghalabu husema kwamba alikuwa akiota. Kumbe ubongo haukuzimika. Ulikuwa kazini.

Tangu hapo imejulikana kwamba usingizi una ngazi zake. Mtu huanza na usingizi mwepesi, akashuka katika usingizi mzito ambao mwili hujirudishia nguvu zake, kisha hupanda na kuingia katika usingizi wa ndoto. Mzunguko huu huchukua kama dakika 90, na hurudiwa mara nne au tano kwa usiku mmoja. Kwa mtu mzima, usingizi wa ndoto ni kiasi cha sehemu moja ya tano hadi robo ya usiku wote. Lakini haukugawanywa sawasawa: mwanzoni mwa usiku huwa wa dakika chache tu, na kadiri kunavyokaribia kupambazuka ndivyo unavyorefuka. Amwamshaye mwenziwe saa kumi alfajiri humnyang'anya ndoto zaidi kuliko amwamshaye saa tano usiku.

Ndoto hizo si upuuzi. Katika usingizi huo ubongo hupanga mambo yaliyojifunzwa mchana na kuyatia mahali pa kukumbukwa, na hutuliza hasira na hofu tulizolala nazo. Aliyekosa usingizi wa ndoto huamka na mwili uliolala na moyo usiopumzika. Hukasirika upesi, husahau alichoambiwa jana, na jambo dogo kwake huwa kubwa.

Liko jambo la pili la kuangalia sana. Wakati wa ndoto, ubongo huilegeza misuli karibu yote ya mwili ili mwotaji asinyanyuke akaitenda ndoto yake. Macho hubaki yakicheza, na msuli mkuu wa kuvutia pumzi huendelea na kazi. Misuli mingine hulegea, ikiwa ni pamoja na ile inayoshikilia koo lisijifunge. Hapo ndipo mashaka yanapoanza.

PUMZI INAPOKATIKA

Katika koo la mtu hakuna mfupa wa kuishikilia njia ya hewa. Iko misuli tu, na ulimi kwa mbele, na kaakaa laini na kilimi kwa juu. Mtu akilala chali, na misuli ikalegea, ulimi hurudi nyuma na njia hupungua. Hewa ipitayo kwa shida hutikisa nyama za koo: huko ndiko kukoroma. Njia ikizidi kupungua hufunga kabisa. Kifua kinahangaika kuvuta, hewa haiingii. Kimya. Oksijeni katika damu hushuka, moyo hupata taabu, na mwishowe ubongo hupiga mbiu ya hatari na kumwamsha mtu kwa sekunde chache. Hukoroma kwa kishindo, huvuta hewa, na kulala tena. Asubuhi hakumbuki lolote.

Ugonjwa huu wa pumzi kukatika usingizini madaktari huuita apnia. Pumzi ikisita kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa mara moja. Na pumzi inayopungua sana huhesabiwa pia. Anayepatwa na mambo hayo mara 5 hadi 14 kwa saa huambiwa ugonjwa wake ni mdogo. Mara 15 hadi 29, ni wa kiasi. Mara 30 na kuendelea, ni mkali. Hebu tupige hesabu: mara 30 kwa saa, kwa usiku wa saa 7, ni mara 210 mtu kukabwa na kuachiliwa. Ni nani aliyekabwa mara 210 ambaye asubuhi twaweza kumwambia kwamba alilala?

Basi tuyaunganishe mambo mawili tuliyoyasema. Usingizi wa ndoto hulegeza koo kuliko usingizi mwingine wote. Kwa hiyo ni wakati huo ambapo pumzi hukatika mara nyingi zaidi, hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudi, na oksijeni hushuka chini zaidi. Mgonjwa hufika kwenye mlango wa ndoto, akaingia kidogo, akatolewa. Akaingia tena, akatolewa tena. Usingizi wa ndoto huvunjwa vipande vipande, na sehemu yake katika usiku hupungua. Wapo hata wagonjwa ambao pumzi zao hukatika katika ndoto peke yake, na hali hiyo huonekana zaidi kwa wanawake. Hao ni rahisi kupita bila kutambuliwa, kwa sababu sehemu ya kwanza ya usiku wao ni shwari, na shida huwajia karibu na alfajiri, wakati hata aliye kando yao amezama katika usingizi wake.

Ushahidi kwamba mwili huidai haki hiyo ni huu: mgonjwa akianza kutibiwa vizuri, siku za kwanza huota kwa wingi kupita kawaida. Ubongo wake hulipa deni la miaka.

Matokeo hayaishi kichwani. Moyo unaoshtuliwa kila usiku huzoea kupiga kwa nguvu, na apnia imethibitishwa kuandamana na shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka 2019 wataalamu walikadiria kwamba watu wenye ugonjwa huu duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wanakaribia milioni 936, ukihesabu na wale ambao wao ni mdogo. Wengi wao hawajui kwamba ni wagonjwa.

TUSIIKOSEE NJIA

Katika vijiji vyetu mkoromaji husifiwa kwamba amelala usingizi mnono. Sifa hiyo ni kosa. Si kila akoromaye ni mgonjwa. Lakini yule akoromaye kwa kishindo, akanyamaza ghafula, kisha akashtuka kama aliyeibuka majini, huyo hana usingizi mnono hata kidogo.

Kosa la pili ni jinamizi. Wengi wetu tumepata kuamka tukashindwa kuinua hata kidole, na kifua kikawa kama kimekaliwa na mtu. Asiyejua husema ni wachawi. Sayansi yasema kwamba ni ule ule ulegevu wa usingizi wa ndoto, ambao haujaondoka ingawa fahamu zimekwisha kurudi. Hutokea zaidi kwa wenye usingizi uliovunjika, na wenye kulala saa zisizo na utaratibu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wasio na hatia wamepata kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo kumweleza mwananchi maana ya jinamizi ni elimu, na pia ni ulinzi wa maisha ya watu.

Kosa la tatu ni kukata kilimi. Wapo waganga wa kienyeji wakatao kilimi cha mtoto au mtu mzima kwa wembe, wakidai kwamba ndiyo dawa ya kikohozi na shida za koo. Tendo hilo limeleta damu isiyokoma na usaha wa hatari, na haliponyi pumzi inayokatika usingizini. Mtoto akoromaye kila usiku aghalabu ana mafindofindo yaliyovimba. Daktari aweza kuyaondoa kwa salama, na mtoto aliyekuwa akisinzia darasani akawa mwanafunzi kama wenziwe.

Na kwa wilaya ya Serengeti liko jambo la nne, nalo ni malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa huo uliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa Uganda. Aina kali ya Afrika Mashariki ilitambuliwa Maswa, kusini ya Serengeti, mwaka 1922. Mwaka 2001 wasafiri kadhaa wa Ulaya waliotembelea mbuga za Tanzania walirudi kwao wakiwa nao. Miaka hii wagonjwa wamekuwa wachache sana, lakini mbung'o wangaliko porini, na wanyama wa pori na ng'ombe huweza kubeba vijidudu vyake.

Jina lake limewafanya watu wadhani kwamba mwenye malale hulala kupita kiasi. Wapimaji wamegundua vingine: jumla ya usingizi wake kwa mchana na usiku haizidi sana ya mtu mzima wa afya, ila umetawanyika hovyo katika saa 24, na mara nyingi mgonjwa huangukia moja kwa moja katika usingizi wa ndoto bila kupitia ngazi za mwanzo. Basi, malale na apnia yote mawili huuharibu mpangilio wa usingizi, kila moja kwa njia yake. Tofauti ni kwamba malale ya aina yetu huja na homa, kichwa kuuma na udhaifu, huenda mbio, na huua kwa miezi michache asipotibiwa mtu. Mwenye homa na usingizi wa mchana, naye ametoka kuchunga, kurina asali au kufanya kazi karibu na mbuga, asingoje hata siku moja. Aende akapimwe damu. Iko sasa dawa ya vidonge iitwayo fexinidazole, ambayo mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika mwongozo wake kwa aina hii ya malale.

USIKU WA TARIME NA SERENGETI

Tutazame sasa maisha yalivyo. Nyamongo kuna mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, na kandokando wamo wachimbaji wadogo. Na dhahabu haijui usiku wala mchana. Barabara itokayo Mwanza na Musoma hupita Tarime hadi mpakani Sirari, na malori na mabasi huipita saa zote. Katika vijiji vya Wakurya watu wamezoea kukesha kwa ajili ya ng'ombe, na sungusungu huzunguka usiku. Katika vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Serengeti, mahindi yakikomaa, mkulima hulala shambani kwa mlango wa jicho moja, akingoja tembo. Na wanawake, je? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Aamkaye kwanza ni mama, saa kumi alfajiri, kwenda mtoni na kuwasha moto. Naye, kama tulivyoeleza, hupokonywa saa zile zile zenye ndoto nyingi.

Tusije tukasema kwamba kukesha ni mila na mila haidhuru. Mwaka 2015 wapimaji walichapisha habari za Wahadzabe waishio karibu na Ziwa Eyasi, na za makabila mawili ya Namibia na Bolivia yasiyotumia umeme. Iligunduliwa kwamba watu hao walikaa katika malazi saa 6.9 hadi 8.5, na kulala hasa saa 5.7 hadi 7.1. Mwaka 2017 Wahadzabe 33 walipimwa kwa muda wa siku 20, na katika siku zote hizo zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Daima yuko aliyekuwa macho kwa ajili ya wenzake. Hapo tunapata fundisho la ujamaa lisilohitaji kitabu: ulinzi wa jamaa hugawanywa, huyu akikesha yule alale. Anayelinda kila usiku peke yake, na mchana akashika jembe, hakufuata mila ya wahenga.

Hasara ya kutokulala si ya mtu mmoja. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi vibaya kiasi cha mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Na dereva mwenye apnia ana hatari ya ajali zaidi ya maradufu kuliko mwenziwe mzima. Twamkamata dereva mlevi, na twafanya vyema. Lakini dereva ambaye pumzi yake imekatika mara 200 usiku ule, tunampa funguo za basi lenye abiria 60 na kumwambia awahi.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, sheria tuliyo nayo ifuatwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, yasema kwamba saa za kawaida za kazi zisipite 45 kwa juma wala 9 kwa siku. Kwamba mfanyakazi apate pumziko la saa 12 mfululizo kati ya siku ya kazi na ifuatayo, na saa 24 kwa kila juma. Na kwamba kazi ya usiku, ambayo ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ilipwe nyongeza ya asilimia 5. Iko ruhusa ya kupunguza pumziko la kila siku kwa mapatano ya maandishi, lakini kwa masharti maalumu. Viongozi wa matawi ya wafanyakazi na waijue sheria hiyo kwa moyo, maana haki isiyojulikana haidaiwi.

Pili, ugonjwa utafutwe. Haihitajiki mashine kubwa kuanza. Mwaka 2008 madaktari wa Toronto, Kanada, walitangaza maswali manane ambayo mganga wa zahanati yoyote aweza kuyauliza, akiwa na mizani, utepe wa kupimia na chombo cha kupima shinikizo la damu. Je, wakoroma kwa sauti kubwa? Je, wachoka au wasinzia mchana? Je, yuko aliyekuona pumzi imesita usingizini? Je, una shinikizo la damu? Je, uzito wako umepita kiasi sana kwa kimo chako? Je, umepita miaka 50? Je, shingo yako yazidi sentimita 40? Je, u mwanamume? Aliyejibu ndiyo mara tatu au zaidi anastahili kutazamwa. Aliyefikia tano au zaidi yumo hatarini sana, naye apelekwe mbele kwa hospitali ya wilaya, na ikibidi kwa madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Wala wembamba usimdanganye mtu: wapo wembamba wenye koo jembamba au taya fupi ambao hupatwa vile vile.

Na swali la tatu katika yale manane haliwezi kujibiwa na mgonjwa mwenyewe. Anayelijua jibu ni mke wake, au mume wake, au mwenziwe wa kambini. Mama akisema, “Baba Fulani, usiku huwa unanyamaza hata naogopa,” asijibiwe kwa mzaha. Huyo amefanya kazi ya daktari.

Tatu, kila mtu afanye yaliyo katika uwezo wake. Kulala ubavu badala ya chali husaidia wengi. Wako washonao mpira mdogo mgongoni mwa shati ili wasigeuke chali. Kupunguza unene hupunguza ugonjwa. Sigara iachwe. Gongo na pombe nyingine zisinywewe kwa ajili ya kutafuta usingizi. Kileo hulilegeza koo zaidi, tena hufukuza ndoto katika sehemu ya kwanza ya usiku. Vidonge vya usingizi visitumiwe bila idhini ya daktari.

Nne, tiba ya wagonjwa walio taabani isiwe ya matajiri peke yao. Mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alieleza mashine isukumayo hewa puani kwa nguvu kidogo usiku kucha, ili njia ya koo isijifunge. Hiyo imekuwa tiba kuu mpaka leo, lakini bei yake humshinda kabwela. Taifa limekwisha kutunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wawakilishi wa wafanyakazi hawana budi kuuliza katika vikao: je, vipimo na vyombo vya ugonjwa huu vina nafasi gani katika bima hiyo? Kiharusi kimoja cha baba mwenye watoto sita huigharimu jamii kuliko mashine hiyo.

Wimbo wetu wa tangu mwanzo ni Uhuru na Kazi, nasi hatuuachi. Mvivu hatumtetei. Lakini kabla ya kumwita mtu mvivu, kiongozi wa kweli humwuliza kwanza alilalaje. Tawi la chama lililo na mlinzi asinziaye, mgodi ulio na mchimbaji aduwaaye, shule iliyo na mwalimu asahauye, na waanze na swali hilo wiki hii. Swali halina gharama, na jibu lake laweza kuokoa ajira ya mtu, hata uhai wake.